Baridi Iliyokufia Nakivubo

Swali lake la kwanza halikubadilika kamwe. Dereva akishashuka na kuanza kulalamika kwamba gari halitoi baridi, Msimamizi alimnyamazisha kwa kiganja, akamtazama usoni na kumwuliza, "Imekufa au imepotea?" Wengi hawakuelewa, naye alieleza kwa sauti ya mtu aliyechoka kueleza. Baridi iliyokufa ni ile iliyokuwapo asubuhi na mchana ikawa haipo. Iliyopotea ni ile iliyopungua kidogo kidogo mpaka ukashindwa kukumbuka ni lini mara ya mwisho ulikaa ndani ya gari bila kutokwa na jasho. Ya kwanza ilimpeleka kwenye fyuzi, nyaya na mkanda. Ya pili ilimpeleka kutafuta mahali gesi inapovujia. Asiyeweza kuzitofautisha hizo mbili, alisema, asiguse spana.

Nilifanya kazi chini yake miaka kadhaa, katika karakana moja ya magari ya serikali mjini Kampala, wakati wa utawala wa kijeshi. Alikuwa mkuu wa sehemu ya viyoyozi, na kila mtu, kuanzia mfagizi hadi mkurugenzi, alimwita Msimamizi. Ninaandika habari zake sasa kwa kuwa sasa inawezekana kuziandika, na kwa kuwa siku moja, mbele ya macho yangu, alimwokoa mtu kwa kusema kweli, kisha akamwokoa mwingine kwa kusema uongo. Ile kweli niliielewa papo hapo. Ule uongo niliubeba muda mrefu, nikijiuliza kama mtu wa namna yake alikuwa na haki ya kuusema.

Alivaa koti jeupe. Katika ua ule ambapo hata kuku waliopita walitoka na madoa ya oili, koti lake lilibaki jeupe hadi saa ya kufunga kazi, limepigwa pasi mpaka mikono ikasimama kama ya karatasi. Hakuwa mnyenyekevu. Alikuwa amefundishwa na kampuni iliyoyaleta magari yale nchini, na hakuacha siku ipite bila kutukumbusha. "Mimi sikufundishwa na nyundo," alisema kila alipomwona fundi akigonga kitu asichokijua. Nilipofika kutoka chuoni, aliniweka mbele ya mafundi wote na kunihoji kama wakili mahakamani.

"Mwanachuo, gari limekuja, halina baridi. Unabadilisha nini?"

"Sibadilishi kitu kwanza," nilijibu. "Napima."

Alicheka kwa furaha, akawageukia wengine. "Mmesikia? Aliyemtangulia huyu alinijibu 'kompresa' kabla sijamaliza swali. Sasa yuko wapi? Anauza ndizi Kansanga, na nasikia anazibadilisha nazo kabla hazijaiva."

Kompresa ndiyo pampu inayoisukuma gesi izunguke, na ndiyo sehemu iliyo ghali kupita zote katika mtambo wa baridi. Ndiyo pia iliyolaumiwa kupita zote. Kwa Msimamizi, fundi aliyekimbilia kompresa alikuwa sawa na hakimu anayemfunga mtu wa kwanza kuonekana sokoni. Alitaka kwanza tuguse mabomba kwa mkono, tujue lipi la moto na lipi la baridi. Alitaka tutazame mkanda, tusikilize kama kompresa inashika au inazunguka bure, ndipo tufunge geji zake mbili, moja upande wa mgandamizo mkubwa, nyingine upande wa mdogo, tuzisome pamoja. Geji moja peke yake, alisema, ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja huota. Kutafuta uvujaji alitumia taa ndogo ambayo ulimi wake wa moto hugeuka kijani unaponusa gesi. Alitembea nayo juu ya mabomba polepole, ameinama, hapumui, nasi hatukuthubutu kukohoa.

Msimu mmoja wa senene, wale panzi wa kuliwa, afisa wa wilaya aliletwa kutoka barabara ya Masaka akiwa amelowa jasho kuanzia kooni hadi kiunoni. Mafundi wawili walikuwa wameshakubaliana kwamba kompresa imekwisha. Msimamizi akamwuliza dereva walisafiri saa ngapi.

"Jioni, mzee. Senene zilikuwa zinaruka kama mvua."

Akainama mbele ya gari, akachungulia nyuma ya vyuma vya pua yake, akanyoosha mkono bila kugeuka. "Leteni sufuria."

Uso wote wa kile kitandiko cha mabomba membamba, ambapo gesi ya moto hupozwa na upepo, ulikuwa umezibwa na senene, wamekauka, wameshonana kama mkeka. Hewa haikuwa na mahali pa kupita. Tuliwatoa kwa brashi na maji, na kabla ya adhuhuri gari lilikuwa likitoa baridi ya kumfanya mtu atafute sweta.

"Mzee, hizi haziliki tena?" dereva aliuliza, akiitazama sufuria kwa masikitiko.

"Muulize afisa. Ndiye aliyezileta bila kulipa nauli."

Afisa mwenyewe alicheka. Ilikuwa miaka ambayo kicheko cha afisa kilitulegeza mabega sote.

Baada ya wafanyabiashara wa Kiasia kufukuzwa nchini, spea ziliadimika, na tabia yake ya kupima kabla ya kubadilisha ikageuka kutoka fahari kuwa haja. Duka tulilonunulia kompresa lilianza kuuza sukari, nayo ilipopatikana. Karakana nyingine zilivua sehemu katika magari yaliyotelekezwa na kuzivika katika mengine, na gari likija kwetu likiwa na viungo vya magari matatu, Msimamizi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, ndipo akaanza kutukana kwa Kiswahili safi cha nyumbani kwao, ambacho wengi wetu hatukukifuata chote. Alichokasirikia zaidi ni kwamba sehemu nzima ilikuwa imetupwa ili kuipisha sehemu mbovu, na hakuna aliyeuliza.

Nje ya kazi hiyo, hakuwa mtu wa kupima lolote. Kila kichwa kilichouma kwake kilikuwa malaria. Alimeza klorokwini kwa uchovu, kwa mafua, na mara moja kwa jino. Jirani yake alipopotelewa na jogoo, alimhukumu mkaza mwana wa jirani huyo kabla ya kumaliza chai, akamtangaza msikitini, na jogoo alipoonekana juu ya paa la shule, Msimamizi alikaa siku nyingi akipita njia ya nyuma ili asikutane na yule binti. Nilimwuliza kwa nini asitumie nyumbani utaratibu wake wa karakanani. Akaniambia kwamba watu hawana mahali pa kufunga geji.

Kulikuwa na jambo jingine lililonisumbua zaidi. Maafisa wa jeshi walipoingia uani, aliinama. Hakuinamisha kichwa tu, aliinama mgongo mzima, akawafungulia mlango, akacheka mizaha yao isiyochekesha. Mimi niliyetoka chuoni na imani kwamba kila mtu mwenye ulimi ana deni la kusema ukweli, nilimwona mwoga. Tulipoteta kwa sauti ya chini juu ya watu waliochukuliwa na askari, mwalimu huyu, karani yule, yeye aliondoka kwenda kunawa mikono. Siku moja nilimfuata mpaka bombani.

"Msimamizi, wewe huna la kusema?"

"Sina kipimo cha hilo, Mwanachuo."

"Lakini unajua."

"Najua," alisema, akifunga bomba. "Kujua si kipimo."

Ili msomaji aelewe lililofuata, lazima nieleze kiyoyozi kilikuwa na maana gani kwa maafisa wale. Haikuwa anasa tu. Waliogopa kuonekana. Walipita mjini na vioo vimefungwa na mapazia yamevutwa, na bila baridi hakuna anayeweza kukaa ndani ya gari lililofungwa katika jua la Kampala. Baridi ikifa, kioo hushuka. Kioo kikishuka, uso huonekana. Na mwenye hofu huamini kwamba anayeutazama uso wake ana bunduki. Kwa hiyo ubovu wa kawaida wa mtambo, ambao kwingine ungemletea dereva matusi, kwetu ungeweza kumletea mauti.

Meja mmoja, ambaye gari lake jeusi lilihudumiwa kwetu, alianza kulalamika. Msimamizi alikuwa matangani Jinja juma hilo, nami nilikuwa nimetumwa Entebbe. Meja hakutaka kungoja vipimo. Aliamuru kompresa mpya ifungwe siku hiyo hiyo, na fundi wa zamu, mtu mtaratibu mwenye nyumba iliyojaa watoto, akatii. Mvua ilikuwa ikinyesha. Aliifungua mipira ya gesi, akaiacha wazi uani alipokuwa akiitafuta kompresa hiyo mjini, akarudi, akafunga, akajaza gesi bila kuiendesha vya kutosha pampu ya kunyonya hewa na unyevu. Baridi ilitoka. Meja akaondoka ameridhika.

Siku chache baadaye alirudi, askari wawili wakimfuata kwa gari lao, nasi sote tulikuwapo. Dereva wake, kijana wa kaskazini mwenye sare iliyotunzwa, alishushwa kutoka kiti cha nyuma cha gari hilo la askari. Hakuwa na viatu. Katika miaka ile aliyevuliwa viatu alikuwa anapelekwa mahali asikorudi, wala hakuhitaji kuelezwa. Tuliitazama miguu yake, kisha tukatazama pengine.

"Hii gari iko na adui ndani," Meja alisema. "Kila siku baridi nakufa Nakivubo. Hapana Kololo, hapana Wandegeya. Nakivubo tu, pale watu iko mingi. Mimi nafungua dirisha, watu nanitazama. Huyu nafunga kitu kwa mguu, nafungua kwa mguu. Nani nalipa yeye?"

"Afande, mimi na watoto," dereva alisema. "Mimi hapana gusa kitu. Mungu naona."

"Nyamaza! Na nyinyi weka kompresa ingine. Huyu mimi naenda naye."

Msimamizi akainama mgongo mzima, kama kawaida yake. Kisha akasimama wima.

"Afande, nitaweka kompresa ukiamuru. Lakini nikiiweka leo, kesho ikafa tena Nakivubo, nawe adui wa kweli hujamjua, lawama itakuwa yangu. Naomba gari lisimame hapa hapa. Injini iwake. Dereva akae kule ukutani, askari wako wamtazame mikono na miguu. Nami nifunge geji zangu, wewe uzisome."

"Mimi nasoma geji?"

"Geji haina cheo, afande, lakini haitakudanganya."

Meja alicheka kidogo, akavuta kiti. Pengine ni ule mgongo wa miaka yote uliomfanya asione ujasiri ulipopita mbele yake.

Injini ikawashwa, vioo vikafungwa, baridi ikatoka nzuri. Msimamizi alimwonyesha Meja mishale miwili, kila mmoja mahali pake, akamweleza kwa upole unaotumika kwa wagonjwa. Tulisimama. Jua lilipanda juu ya mabati. Dereva alikuwa ukutani, nyayo zake zikibadilishana juu ya saruji ya moto. Niliomba, kwa dini niliyokuwa nimeanza kuiacha, baridi ile ife.

Ikafa. Mshale wa upande mdogo ulianza kuteremka, polepole kwanza, kisha ukapita sifuri ukaingia upande wa utupu. Msimamizi akafungua mlango, akauchukua mkono wa Meja, naam, akaushika mkono wa Meja, akauweka mbele ya matundu ya hewa. Ilitoka hewa ya vuguvugu.

"Hapa si Nakivubo, afande," alisema.

Msimamizi akazima mtambo, tukangoja tena, akauwasha, na baridi ikarudi kama haikuwahi kuondoka. Akaeleza. Ndani ya mabomba mlikuwa na maji, matone tu. Gesi inapofika kwenye tundu dogo la vali hupoa ghafla, tone lile hugeuka barafu na kuliziba tundu. Mtambo ukipumzika, barafu huyeyuka na njia hufunguka. Meja aliondoka nyumbani kila asubuhi saa ile ile, kwa njia ile ile, na muda wa barafu kuganda ulikuwa muda wa kutoka kwake mpaka Nakivubo. Kompresa ilikuwa nzima. Hata ile ya kwanza, iliyotolewa, huenda ilikuwa nzima. Kilichohitajika ni kutoa gesi, kubadilisha kopo la kukaushia unyevu, kuendesha pampu ya kunyonya mpaka mabomba yawe makavu, na kujaza upya.

Meja alisikiliza yote. Alikuwa mtu mwerevu. Hilo sharti niliseme. Akawaonyesha askari kidole, nao wakamrushia dereva viatu vyake. Dereva alivikumbatia kifuani badala ya kuvivaa, nao wakamtoa nje ya lango.

Ndipo Meja akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Maji naingia namna gani?"

Fundi wa zamu alisimama hatua chache kutoka kwangu, ameshika kitambaa. Uso wake ulikuwa umepoteza rangi.

"Nani naweka maji kwa gari yangu?"

"Mimi, afande," Msimamizi alisema. "Niliiacha mipira wazi, mvua ikanyesha. Nilikuwa na haraka."

Kila fundi pale alijua kwamba alikuwa Jinja akizika. Mtu ambaye hakuwahi kutaja ubovu bila kuupima alikuwa ametaja sehemu nzima kuwa ndiyo mbovu, mbele ya geji zake zilizokuwa bado zimefungwa. Hakungoja kuambiwa. Akainama, safari hii ili kulegeza kamba za viatu vyake, akavipanga kando ya gurudumu. Kisha akavua koti, akanipa mimi.

"Zibeni hiyo mipira mkiifungua," alituambia alipokuwa akipanda gari la askari. "Hata kama ni dakika moja. Zibeni."

Aliachiwa akarudi kwake baada ya mvua za masika kwisha. Hatukuambiwa, tulisikia. Kazi alikuwa ameshafutwa, na jina lake halikutamkwa uani. Fundi wa zamu aliendelea na kazi kimya, akiziba kila mpira kwa kitambaa safi na kamba, hata gari lisipohitaji. Mimi nilipewa sehemu yake. Sikuwa na amani nayo. Nilijiambia kwamba uongo ule ulikuwa mtukufu, kisha nikajiambia kwamba hakuna uongo mtukufu, kwamba angeweza kusema "mvua" akaishia hapo, kwamba mtu aliyetufundisha kutompa lawama asiyestahili hakuwa na ruhusa ya kuvunja kanuni hiyo kwa sababu tu mwenye kubeba lawama ni yeye.

Mwishoni nikaamua kumtafuta. Nilimkuta Kansanga, katika chumba cha nyuma cha duka la binamu yake, akitengeneza mafriji na mapanka ya umeme ya kuleta upepo. Hakuwa na koti jeupe. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika tena, na bisibisi alikuwa ameihamishia kushoto. Hakufurahi kuniona.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, mzee. Nimekuja kukujulia hali."

"Hali ndiyo hii. Kaa mbali na mlango."

Nikakaa. Tukazungumza juu ya gesi, ambayo haikupatikana, na juu ya umeme. Kisha nikamwuliza nililokuwa nimelibeba. Nilimwuliza kwa heshima, lakini nilimwuliza: kwa nini yeye, katika watu wote, alitoa jibu ambalo kipimo hakikumpa.

Alikaza skrubu moja kwanza.

"Swali la gari lina nini, Meja nilishamjibu," alisema. "Nilimjibu kweli tupu. Alilouliza baadaye halikuwa hilo. Aliuliza amchukue nani."

"Ungesema mvua."

"Mvua haipandi gari la askari, Mwanachuo. Angeangaza macho. Ulimwona yule alivyosimama? Angemwona hata kipofu." Akapuliza vumbi kwenye mota. "Mimi walau walinijua. Nilikuwa nimewafungulia milango miaka yote. Nilitumaini nitarudi. Yeye asingerudi."

Nikataka kusema kitu juu ya kanuni.

"Dereva?" aliuliza.

"Yu hai. Wamempa gari jingine, la mizigo. Hajui yaliyofuata. Askari walimwondoa kabla hujavua viatu. Nilifikiri nimwambie, aje akushukuru."

Bisibisi ikasimama. "Usithubutu."

"Lakini ana haki ya kujua."

"Akijua atakuja kunisalimu. Ni kijana wa heshima, atakuja na sukari, atakuja na mke. Na kuna wanaotazama nani ananisalimu." Akanyanyua macho, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie, nami ndipo nikaelewa kwa nini hakufurahi. "Ulipitaje kuja hapa?"

"Mbele, kwenye duka."

"Mikono mitupu?"

Nikainamisha kichwa. Akasimama kwa shida, akavuta panka moja la mezani kutoka kwenye rafu, akazungusha waya kwenye shingo ya panka, akalifunga vizuri kwa mkono wake mmoja mzima na meno. Akanipa nilipakate.

"Shika hivi, juu, lionekane. Ukifika dukani mwambie binamu yangu kwa sauti kwamba nimekupunja bei. Ugombane kidogo. Unajua kugombana?"

"Nitajaribu, mzee."

"Usirudi tena."

Nikatoka. Nikamlalamikia binamu yake bei, naye akanijibu vikali kama mtu aliyezoea, na watu wawili waliokaa barazani wakacheka. Nikapanda barabara ya Ggaba na lile panka kifuani, nikitembea kama mteja aliyeudhika, wala sikutazama nyuma. Nilipofika kwangu nilichomeka waya ukutani. Likaanza kuzunguka papo hapo, bila kelele. Halikuwa na ubovu wowote.